Kayaki huliwa ufukweni: kulinda tumbo na tezi kwenye pwani ya Mtwara

Pindua kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi) ya plastiki iliyotumika kwa miaka kadhaa Mikindani, uitazame tumboni. Katikati utaona mikwaruzo mingi, karibu yote haina madhara. Sogea kwenye tezi, yaani nyuma, pale mkuku (uti wa chini wa chombo) unapoishia. Hapo plastiki imelika ikawa bapa, na ukibonyeza kwa kidole gumba inabonyea. Hilo si kosa la bahari. Ni kazi ya mtu mmoja kushika kishikio cha omo, yaani mbele, na kuburuta, uzito wote ukalalia sehemu isiyozidi upana wa kiganja. Kayaki tupu ya mtu mmoja ina kama kilo 20 hadi 30, na mchanga wetu umejaa vipande vya matumbawe na makombe. Unasugua kama msasa.

Kwa hiyo kabla ya kununua resini au kutafuta fundi, badilisha namna ya kuihamisha. Watu wawili wabebe, mmoja omo, mmoja tezi. Ukiwa peke yako, fanya kama wavuvi wanavyopandisha mitumbwi kwa magogo: kata bomba la plastiki la inchi 4 vipande vitatu vya sentimita 80 kila kimoja, sukuma kayaki juu yake, na kila bomba la nyuma likiachwa, lichukue ulitangulize mbele. Toroli dogo ni bora zaidi kama njia ni ndefu, lakini liwe na magurudumu mapana. Gurudumu jembamba la baiskeli huzama mchangani, na ukishachoka utaburuta tu. Pale kayaki inapokaa juu ya chuma, funga tyubu ya gari iliyokatwa. Ifute mchanga kila mara, maana punje chache zikinaswa kati ya mpira na tumbo zinakwangua safari nzima.

Halafu kuna maji yenyewe. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mahali palipokuwa na kina asubuhi panaweza kuwa mwamba mtupu mchana. Hatari kubwa si mwamba unaouona. Ni ule uliofunikwa na maji ya kufika magotini, wenye chaza. Kingo za chaza hukata kama wembe, na chaza huota pia kwenye mizizi ya mikoko. Ingia na utoke maji yakiwa yamejaa nusu au zaidi, na ushuke kabla tumbo halijagusa. Maji ya magotini yanatosha kusimama. Usipande kayaki ikiwa imekalia mchanga kisha ukajisukuma kwa kafi. Uzito wako unaongezeka juu ya kila jiwe lililo chini.

Sasa matengenezo, na hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa sababu plastiki na faiba hazitengenezwi kwa njia moja.

Kayaki nyingi za plastiki ni za poliethilini. Kuhakikisha, kwangua unyuzi mdogo pembeni na uutumbukize kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Ukielea, karibu hakika ni poliethilini. Juu ya plastiki hiyo, epoksi (resini inayochanganywa na dawa ya kuigandisha), gundi za dukani na silikoni hukaa siku chache kisha hubanduka kama ganda, kwa sababu uso wake haukubali kushikwa. Dawa yake ni kuyeyusha na kuunga. Ukuta wa tumbo huwa na kama milimita 5 au 6. Mkwaruzo usiofika milimita 1 uache, ondoa tu nyuzi zilizosimama kwa wembe ulioulaza. Ukizidi milimita 2, au tezi ikianza kubonyea, ujaze.

Osha kwa sabuni, suuza kwa maji baridi, kausha kabisa, kisha kwangua mpaka plastiki safi ionekane. Tumia mashine ya hewa moto, si moto wa wazi. Pasha tumbo na kijiti cha plastiki kwa pamoja. Uso ukianza kung'aa kama umelowa, bonyeza kijiti ndani ya mfereji ukikiviringisha polepole. Ukiona moshi au rangi inageuka, umezidisha, na plastiki iliyoungua haina nguvu tena. Ukipasha kijiti peke yake, kitalala juu bila kuungana, na utakibandua kwa ukucha kesho yake. Kijiti bora ni cha plastiki ileile. Vipande vya dumu la maji hushika, ila aina zinatofautiana, hivyo jaribu kwanza kipande juu ya kipande, na usivitumie kwenye ufa unaobeba uzito. Chupa za maji ya kunywa hazifai kabisa.

Kwa kayaki ya faiba mambo ni mazuri zaidi, maana unaweza kuweka tabaka la kuliwa badala ya tumbo. Kwenye tezi weka sentimita 60, kwenye omo 40 zinatosha. Sugua kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao wote uishe, futa kwa asetoni, zungushia tepu ya karatasi. Laza utepe wa faiba wa upana wa sentimita 5, tabaka tatu, kila la juu likiwa fupi kidogo ili ncha ziteremke bila ngazi. Tumia epoksi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Kuongeza hadina, yaani dawa ya kugandisha, ili iwahi kukauka ni kuiharibu, itabaki laini. Changanya mililita 50 kwa mara moja na uimwage kwenye sahani bapa. Kwa joto letu, ikiachwa kwenye kikombe kirefu hujipasha yenyewe na kuganda ukiwa bado hujaanza. Ikikauka, osha utando wa mafutamafuta kwa maji na brashi kabla ya kupiga msasa, kisha paka rangi, kwa kuwa jua huichosha epoksi. Usimalizie kwa jelkoti ya poliesta (tabaka gumu la rangi la nje) juu ya epoksi, mara nyingi haikauki vizuri. Kazi hii iepushe na mvua za Desemba hadi Aprili. Kuanzia Juni hewa ni kavu zaidi.

Hifadhi kivulini, imepinduliwa, juu ya mihimili miwili iliyo robo ya urefu kutoka kila ncha. Kamba ilegeze. Plastiki iliyokazwa juani inabonyea na kubaki na bonde.

Kila mwezi, mimina lita 5 za maji ndani, inua omo ili yakusanyike kwenye tezi, na ufute nje pakauke. Subiri dakika 10. Pakitokea unyevu hata wa tone moja, isitoke nje ya ghuba mpaka iungwe.