Duka la vepu likifungwa, usirudi kwenye sigara

Juzi alfajiri nilipotoka zamu ghalani nilikuta ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa kijana wa Mombasa anayeishi Coventry, Uingereza, ambaye ananisoma tangu nilipoandika jinsi nilivyoachana na sigara. "Asalamu alaykum kaka. Duka nilokuwa nikinunua juisi lishafungwa, na la pili limebakia na ladha mbili tu. Wiki ya pili hii nimerudia sigara. Nifanyeje?"

Juisi anayoitaja ni kimiminika cha kutia kwenye vepu, ile sigara ya umeme. Niliusoma ujumbe wake mara mbili pale kituo cha basi, mvua ikinyesha, nikahisi kama ameniarifu msiba. Njia anayopita naijua kila kona yake.

Sigara nilianza Tanga nikiwa na miaka 17, nikinunua moja moja dukani na kuiwashia kwenye kibiriti cha muuzaji. Nilipohamia Leicester mwaka 2008 nilikuwa namaliza pakiti kwa siku. Baba, naye mvutaji, alifariki mwaka 2011 baada ya kukohoa miezi na miezi. Nilisafiri kwenda kumzika. Jioni ile ile ya maziko nilisimama nyuma ya nyumba yetu, karibu na kisima, navuta sigara na mikono bado ina udongo wa kaburi. Hili sijawahi kuliandika. Naliandika leo ili kijana wa Coventry ajue kwamba anayemjibu si mtu aliyeacha kwa maneno.

Nilijaribu plasta za nikotini, nikajaribu bazoka zake, nikajaribu dua na kiapo. Kilichonitoa ni vepu. Machi 2017 nilizima sigara yangu ya mwisho, na nilikaa zaidi ya miaka sita bila kuigusa. Naona fahari kwa hilo, na sioni aibu kusema naona fahari. Kwenye arusi moja hapa hapa Leicester mzee mmoja aliniona nje nikivuta vepu, akasema mbele ya watu, "Wewe umetoka motoni umeingia moshini." Meza nzima ikacheka. Neno lile linaniuma hadi leo. Mzee yule hakuwahi kuniona nikisimama kila baada ya ngazi kumi kutafuta pumzi, wala hakuwepo siku nilipopanda ghorofa nne na mwanangu mgongoni bila kusimama.

Sasa kwa nini maduka yanapungua? Kwa Uingereza mambo ni mawili. Tarehe 1 Juni 2025 vepu za kutumia na kutupa zilipigwa marufuku, na maduka mengi madogo yalikuwa yanaishi kwa hizo. Mwenye duka langu alinionyesha rafu zake zilivyobaki wazi, akaniambia mauzo ya chupa peke yake hayalipi kodi ya pango. Miezi minne baadaye nilikuta chuma kimeshushwa mlangoni. La pili ni ushuru unaoanza tarehe 1 Oktoba 2026: pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za kimiminika cha vepu, kiwe na nikotini au kisiwe nayo, kisha juu yake VAT ya asilimia 20. Hiyo ni pauni 2 na senti 64 kwa kichupa kimoja. Mimi nilikuwa nanunua vichupa vitatu kwa pauni 10, kwa hiyo hesabu yangu inakaribia pauni 6 kwa kimoja. Ni pesa. Lakini siku hiyo hiyo ushuru wa sigara nao unapanda, pauni 2.20 kwa kila sigara 100, na pakiti hapa tayari imevuka pauni 15. Anayekuambia sigara sasa ni nafuu kuliko vepu mwambie alete karatasi mpige hesabu.

Duka likishafungwa, jambo la kwanza ninalokusihi: usinunue kwenye buti la gari la mtu, wala kwenye kundi la WhatsApp. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath walipima vepu zilizonyang'anywa wanafunzi mashuleni Uingereza, wakakuta karibu moja kati ya sita ina spaisi, ile dawa ya kulevya ya maabara. Watoto walidhani wanavuta ladha ya matunda. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na kiwango cha nikotini, iache pale pale.

Mimi nilichagua kuchanganya kimiminika mwenyewe, na hapa lazima nikiri kosa langu kubwa, maana ndilo lililonifunza zaidi ya yote.

Nilikuwa nataka ladha ya chai ya iliki. Chai ya nyumbani, ya maziwa, ile mama anayoipika mpaka ukoko unashika pembeni mwa sufuria. Hakuna duka Leicester linalouza ladha hiyo. Kabatini mwa mke wangu kulikuwa na kichupa cha arki ya iliki anayotia kwenye maandazi. Nikasema moyoni, kama inaliwa basi inavutika. Usiku, watu wamelala, nikatia matone kumi kwenye gliserini, kile kimiminika kizito cha vepu, nikatikisa. Chini ya taa ya jikoni niliona utando mwembamba unaelea juu, unang'aa rangi rangi kama maji ya dimbwi lililomwagikiwa na petroli. Niliuona. Nikatikisa tena mpaka ukapotea, nikajaza kwenye kifaa, nikavuta.

Ladha ilikuwa tamu kweli, na hicho ndicho kilichonidanganya. Siku ya tatu kifua kilibana, nikawa nakohoa usiku hadi mke wangu akawasha taa. Daktari aliponiuliza nimevuta nini nilimwambia ukweli, akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba tumbo lina namna yake ya kusaga mafuta, pafu halina. Mafuta yakiingia pafuni yanakaa humo na kuleta uvimbe unaofanana na nimonia. Baadaye nilisoma yaliyotokea Marekani mwaka 2019: watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitalini na 68 walikufa hadi Februari 2020, na kilichohusishwa zaidi ni mafuta ya vitamini E yaliyotiwa kwenye vepu za bangi. Mafuta. Nilikaa kitandani nimeshika simu nikimkumbuka baba.

Kwa hiyo lishike hili kabla ya yote: ladha iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vepu, iliyoyeyushwa ndani ya PG, kimiminika nitakachokieleza hapa chini. Usitie arki ya keki, usitie mafuta ya aina yoyote, wala asali, wala sukari. "Ya asili" isikudanganye; mafuta ya karafuu nayo ni ya asili.

Vitu vyenyewe vya kuchanganya ni vinne tu, na vyote bado vinauzwa kwenye maduka halali ya mtandaoni ya hapa, kwa mwenye miaka 18 na kuendelea. Kuna gliserini ya mimea, VG, ambayo ni nzito na ndiyo inayotoa wingu. Kuna propilini glaikoli, PG, ambayo ni nyepesi na ndiyo inayobeba ladha. Kuna ladha yenyewe. Na kuna nikotini, inayouzwa kwa vichupa vya mililita 10, kwa kawaida vyenye miligramu 18 kwa mililita. Sheria ya hapa hairuhusu kuuza chenye nikotini kwa chupa kubwa kuliko hiyo wala kwa nguvu inayozidi miligramu 20, na mimi naishukuru sheria hiyo. Ukikuta mtu anakuuzia nikotini kali ya lita nzima, ondoka.

Kwa anayeogopa kuanza, ipo njia ya mkato, ile wanayoiita shotifili: chupa iliyokwisha kutiwa ladha, ina mililita 50 bila nikotini na nafasi imeachwa juu. Unamimina kichupa kimoja cha nikotini, unatikisa, unapata mililita 60 zenye miligramu 3. Sioni kwa nini wewe usianzie hapo.

Mchanganyiko wangu wa sasa ni huu, kwa chupa ya mililita 60 yenye nguvu ya miligramu 6: vichupa viwili vya nikotini iliyotengenezwa nusu PG nusu VG, yaani mililita 20, ladha ya embe mililita 6, PG 14, VG 20. Inatoka nusu kwa nusu, inafaa kifaa changu kidogo. Kwa siku natumia kama mililita 5, kwa hiyo chupa inanifikisha siku 12. Ladha za watengenezaji hazifanani nguvu. Asilimia imeandikwa kwenye chupa, anza na ile ya chini.

Usipime kwa jicho. Nilinunua mizani ndogo kama ya sonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na tangu siku hiyo sijaharibu chupa. Mililita moja ya VG ina uzito wa gramu 1.26, ya PG gramu 1.04. Unaweka chupa kwenye mizani, unairudisha sifuri, unatia, unairudisha sifuri tena. Vaa glavu. Fungua dirisha. Andika tarehe na nguvu ya nikotini kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika. Kisha ilaze. Achari ya maembe huwekwa juani. Hii huwekwa gizani, kabatini, siku chache kwa matunda, wiki mbili au tatu kwa ladha za maziwa na keki. Mwanga na joto huiharibu nikotini, utaiona inageuka rangi ya kahawia.

Nakuja kwenye jambo linalonitoa jasho hadi leo. Sisi waswahili tumeiita kitu hiki juisi. Fikiria. Kwetu juisi ni ya ukwaju, ya pesheni, ya miwa. Inanywewa, tena ndiyo anayopewa mtoto akiwa ametulia. Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Jumapili moja nilikuwa nachanganya mezani, simu ikaita, nikageuka. Nilipotazama tena alikuwa ameshika kichupa cha nikotini kilichofunguliwa, anakinusa, na chupa ya ladha mbele yake ina picha ya embe. Akaniuliza, "Baba, hii ni juisi yako?" Nilimpokonya kwa nguvu hadi akalia. Kichupa kile kina miligramu 180. Mtoto wa miaka mitano hahitaji kukimaliza ndipo aumie.

Tangu siku hiyo neno juisi halitamkwi nyumbani kwangu kwa kitu hicho. Tunaiita sumu ya baba. Inakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, juu ya kabati la nguo, na nachanganya usiku watoto wakiwa wamelala. Kama una mtoto na huna mahali pa kufunga kwa ufunguo, usichanganye. Nunua iliyo tayari hata kwa bei ya ushuru. Na mtoto akiinywa usingoje kuona dalili, piga 999.

Ndugu yangu, mimi si mwalimu wa usafi wa mtu. Hata mimi nimeanguka. Desemba 2023 nilikwenda Tanga nikipitia Doha, na kwa kuwa Qatar imepiga marufuku vepu niliacha kila kitu Leicester. Siku ya tatu baraza la shangazi lilikuwa na pakiti mezani. Nilivuta wiki tatu mfululizo. Nilirudi nikianza upya, na safari iliyofuata nilibeba plasta za nikotini kwenye begi la mkononi. Basi jiandae kabla ya kuishiwa. Weka chupa mbili za akiba. Huduma za bure za kuacha sigara zipo karibu kila halmashauri ya England, na watu wa pale hawatakucheka kama meza ya arusi. Na wewe ambaye hujawahi kuvuta chochote, makala hii si yako, wala usiguse. Hii ni ya tuliokwisha kushikwa. Kila miezi michache shusha nguvu: mimi nilianza na 18, nikaja 12, sasa 6. Mwakani nataka 3. Usiliruhusu duka lililofungwa likurudishe ulikotoka. Ulitoka huko kwa jasho lako, hakukutoa mwenye duka.

Kijana wa Coventry, Jumamosi niko nyumbani kuanzia saa nane mchana. Treni unabadilishia Nuneaton. Njoo na kifaa chako na ile pakiti ya sigara kama ilivyo, usiimalizie njiani. Mizani ninayo, glavu za ziada ninazo, na mke wangu amesema atapika chai ya iliki.