Miezi Mitano ya Kumuuguza Nundu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, umewahi kumuuguza mnyama wa nyumbani ambaye ugonjwa wake haukujulikana, na ulikabilianaje na hali hiyo?" Nimelisoma nikiwa na daftari mezani, ambalo kurasa zake zimejaa kumbukumbu za mgonjwa mmoja kwa muda wa miezi mitano. Mgonjwa huyo alikuwa samaki. Naomba nafasi ya kueleza kwa kirefu, kwa sababu najua wapo wasomaji wenye tangi la samaki sebuleni ambao wamewahi kusimama mbele ya kioo wakimwona samaki wao akikonda siku baada ya siku, wasijue la kufanya wala wa kumuuliza.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Ujiji, na sasa ninaishi Dar es Salaam. Samaki wangu naye asili yake ni kwetu: ni yule wa Ziwa Tanganyika ambaye wataalamu humwita Cyphotilapia frontosa na wafugaji humwita frontosa tu, mwenye mwili mweupe unaoelekea buluu na mistari minene ya kiza inayoshuka kutoka mgongoni hadi tumboni. Nilimnunua kwa mfanyabiashara wa samaki wa mapambo akiwa hajafika urefu wa kidole changu cha shahada. Baada ya miaka 11 alikuwa na sentimita 28, na juu ya macho yake ilikuwa imeota ile nundu ambayo madume wa jamii hii huwa nayo wakikomaa. Ndiyo maana nyumbani tulimwita Nundu. Kila asubuhi nilipovuta pazia alikuja kwenye pembe ya kushoto ya tangi, akanitazama kwa jicho moja, kisha akageuka anitazame kwa jicho la pili. Ndipo nilipompa kipande chake cha nyama ya kamba.

Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Alipokea kipande, akakitafuna, akakitema, akakiokota tena, akakitema tena, kisha akakiacha kikashuka hadi kwenye changarawe, ambako majike wawili aliokuwa akiishi nao walikigombania. Nilidhani ameshiba. Siku ya tatu alikitema bila kukitafuna, na siku ya nane hakuja pembeni kabisa; alibaki nyuma ya jiwe kubwa, mapezi yamebana mwilini, buluu yake imegeuka rangi ya majivu. Hakuwa na kidonda. Hakuwa na yale madoa meupe mfano wa chembe za chumvi ambayo kila mfugaji anayajua, magamba yake hayakusimama, tumbo halikuvimba na macho hayakutoka nje. Kila nilipomkagua sikuona ugonjwa, na kila wiki alikuwa amepungua.

Kwa samaki, kinachopimwa kwanza ni maji, kabla ya mgonjwa mwenyewe, maana katika maji hayohayo anapumua, anakula na anajisaidia. Kinyesi chake na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye sponji za chujio huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mradi isirundikane na maji yawe yanabadilishwa. Nilipima kwa matone: amonia haikuonekana, naitraiti haikuonekana, naitreti ilikuwa ya chini, joto lilikuwa nyuzi 27, na pH, yaani kipimo cha uchachu au ualkali wa maji, ilikuwa 8.3. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali na pH yake hukaribia 9, kwa hiyo kwa miaka yote nilikuwa nimeweka mawe ya chokaa kwenye chujio ili maji ya bomba yafanane kidogo na ya kwao, na kabla ya hapo niliyalaza kwenye ndoo wazi siku nzima, mashine ya hewa ikibubujisha, ili klorini itoke. Nilifikiria pia umeme, kwa kuwa mwezi ule mtaa wetu ulikatikiwa usiku mara mbili, na mashine ya hewa ikizimika kwenye joto la Dar es Salaam samaki hukosa hewa upesi, maana maji yenye joto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Lakini wale majike walikuwa kwenye maji hayohayo, walipitia giza hilohilo, na walikuwa wakila kwa pupa. Maji hayakunipa jibu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo linaniuma. Mimi, niliyefundishwa na niliyewafundisha wauguzi wachanga kwamba dawa haitolewi kabla ya kujua unachotibu, nilikwenda dukani, nikamweleza muuzaji dalili, nikarudi na chupa ya dawa ya buluu na vidonge vya antibiotiki, nikavimimina vyote ndani ya tangi la lita 450. Dawa hizo hazichagui. Huua bakteria wa ugonjwa kama wapo, na huua pia wale wa kwenye chujio ambao ndio figo za tangi zima. Siku ya nne amonia ilipanda, na katika maji ya alkali amonia ni hatari zaidi: pH ikiwa 7, sehemu isiyofika 1 katika 100 ndiyo iliyo katika umbo la sumu kali, lakini pH ikifika 9 sehemu hiyo huzidi theluthi moja. Jike mdogo alikuja juu akitweta, mdomo uko kwenye uso wa maji. Nilikesha usiku ule nikibadilisha maji robo kwa robo, na kulipopambazuka nilikuwa na wagonjwa watatu badala ya mmoja. Majike walipona baada ya wiki mbili. Tangu hapo nilijiwekea sharti kwamba dawa yoyote itatolewa katika ndoo ya pembeni, kwa mgonjwa peke yake, na kwa sababu ninayoweza kuiandika kwa sentensi moja.

Daktari wa mifugo niliyemwendea aliniambia ukweli ambao niliupenda. "Mama, mimi natibu ng'ombe, kuku na mbwa. Kwa samaki naweza kukusaidia kufikiri, lakini sitakudanganya kwamba nina jibu." Tulikaa zaidi ya saa nzima. Alichukua kinyesi cha Nundu nilichomletea kwenye kichupa, chembamba na cheupe kama uzi wa kushonea, akakitazama kwenye hadubini asione vimelea, ingawa alinionya kwamba kutoviona mara moja hakumaanishi havimo. Alinieleza kwamba samaki anayekonda bila alama ya nje anaweza kuwa na vimelea vya utumbo, au ini lililoharibiwa na chakula chenye mafuta mengi, au uvimbe wa ndani, au kifua kikuu cha samaki, au uzee tu, na kwamba kwa baadhi ya magonjwa hayo uhakika hupatikana baada ya samaki kufa na kupasuliwa.

Nilirudi nyumbani nikiwa na majina matano na sina hata moja la kushika. Nadhani ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo ambayo swali lenu linaigusa hasa. Wodini mgonjwa asiyejulikana anachoumwa ana mdomo wa kusema panapouma, na akishindwa yeye, ndugu zake watasema. Huyu alikuwa akinitazama tu. Nilijikuta nikiamka saa nane za usiku kujiuliza: ni dagaa wale waliotumwa kutoka Kigoma, niliompa wiki nzima kwa furaha ya kumlisha cha kwao? Ni lile jiwe jipya? Ni siku niliyochelewa kusafisha chujio? Kila swali lilikuwa na kidole kinachonielekea mimi.

Kilichonisaidia ni daftari. Ukurasa wa mwisho niliandika juu yake neno "Sababu", nikayaorodhesha yale majina matano pamoja na dhana zangu zote, na nikajiruhusu kuufungua ukurasa huo Jumapili tu, baada ya misa. Kurasa nyingine zote zilikuwa za swali moja: leo yukoje? Asubuhi na jioni nilihesabu matamvua yake yanavyofunguka kwa dakika moja kamili, nikitumia saa yangu ileile ya kazini niliyokuwa nikiibandika kifuani. Alipokuwa mzima yalikuwa kama 60, na katika wiki mbaya yalifika 95. Niliandika amesimama wapi, mapezi yamefunguka au yamebana, rangi, kinyesi, alichoonja na alichokitema. Kila Jumatano nilimpiga picha mahali pamoja, taa moja, kwa kuwa jicho la kila siku halioni kukonda. Mjukuu wangu wa miaka 9 alishika kalamu. "Bibi, niandike amekula au amejaribu?" aliniuliza siku moja, na tangu siku hiyo tukawa na safu mbili.

Daftari hilo lilituonyesha kitu ambacho kumbukumbu yangu isingekishika: vile vipande vichache alivyojaribu, karibu vyote vilikuwa vya alfajiri, taa zikiwa bado hazijawashwa. Nikakumbuka kwamba ziwani samaki hawa huwinda kukianza kupambazuka, wakati samaki wadogo hawajachangamka. Tukabadilisha saa ya chakula. Siku ya 41, saa kumi na mbili kasoro, gizani, alichukua kipande cha kamba kilicholowekwa, akakishikilia mdomoni muda mrefu, akakimeza. Mjukuu hakupiga kelele. Aliandika "amekula" kwa herufi kubwa. Hatukumponya, lakini tulipata wiki sita ambazo alikula kidogo karibu kila siku na matamvua yakashuka hadi 70.

Watu walinishangaa. Jirani yangu, mama mwema ambaye tumezikana na kuozeshana, alisema, "Shoga, si umtoe tu umkaange?" Hakuwa na ubaya. Kwetu samaki ni kitoweo, na lugha yetu yenyewe inamweka jikoni kabla ya mahali pengine popote. Mimi mwenyewe wiki hiyohiyo nilikuwa nimenunua samaki aina ya changu pale soko la Feri na nikawapika kwa nazi. Nilimjibu kwamba yule wa Feri sikumjua, na huyu amenisalimu kila asubuhi kwa miaka 11, tangu siku nilizokuwa natoka zamu ya usiku hadi siku niliyomzika mume wangu, ambapo watu walipoondoka nilikaa mbele ya lile tangi kwa sababu ndicho kitu pekee chumbani kilichokuwa kikitembea. Jirani alinyamaza, kisha akaomba kumwona. Sioni aibu yoyote kumsikitikia samaki, na sitaki msomaji yeyote aione.

Neno moja la kitabibu nalisisitiza kwa wenye watoto. Vijidudu vya kifua kikuu cha samaki, vinavyoitwa Mycobacterium marinum, vinaweza kumwingia binadamu kupitia mchubuko wa mkono na kumletea kidonda kisichopona kwa miezi. Usiingize mkono wenye jeraha tangini, vaa glavu ndefu, nawa kwa sabuni, na usinyonye mpira kwa mdomo kuvuta maji, kama wengi tulivyozoea.

Mwezi wa tano alianza kushindwa kujisimamisha. Mgongo wake ulikuwa umechongoka, nundu imebaki kubwa juu ya mwili usioilingana, na mkondo wa chujio ulimsukuma hadi nikaupunguza kwa kipande cha sponji. Nilikuwa nimeshaandika mapema, wakati kichwa changu kimetulia, alama tatu ambazo zikikutana sitamwacha aendelee kuteseka: hali chakula kwa siku kumi, hawezi kukaa wima, na hageuki nikivuta pazia. Niliziandika mapema kwa kuwa nimeona familia nyingi zikilazimishwa kuamua katikati ya kilio. Alama ya tatu ilitimia Alhamisi moja. Daktari alikuja na tukatumia mafuta ya karafuu, ambayo kwa kiasi kidogo humlaza samaki usingizi na kwa kiasi kikubwa husimamisha pumzi yake akiwa hana habari. Mafuta hayo hayachanganyiki na maji yenyewe. Aliyatikisa kwanza ndani ya chupa yenye maji ya vuguvugu mpaka yakawa meupe, akayamimina kidogo kidogo kwenye beseni lenye maji ya tangini. Harufu ilikuwa ileile ya jikoni kwangu siku ya pilau. Nilimshika chini ya tumbo kwa kiganja. Matamvua yalipungua, yakasimama, na tulingoja nusu saa nzima kabla ya kumtoa, kwa sababu samaki aliyelala anaweza kuonekana amekufa.

Niliruhusu apasuliwe, kwa ajili ya wale majike. Ini lilikuwa limepauka, utumbo mtupu, na hapakuwa na uvimbe wala vile vinundu ambavyo daktari alivihofia. Alisema ini la namna hiyo linaweza kuwa chanzo, na linaweza pia kuwa matokeo ya miezi mitano ya kutokula. Ukurasa wa "Sababu" niliandika maneno yake kama alivyoyasema, nikaweka tarehe. Tulimzika chini ya mlimao.

Majike wote wawili wanakula. Dagaa nimewapunguzia, chakula wanapata alfajiri, na mkubwa juzi alikuja mwenyewe kwenye pembe ya kushoto nilipovuta pazia. Mjukuu amefungua ukurasa mpya na anawahesabia pumzi kila Jumapili: 58 na 62 kwa wiki hii.