Mwanangu alipoacha eliti: kwa wazazi wenye mabinti wa jimnastiki

Juzi kwenye harusi, mama mmoja wa Mombasa ambaye tunakaa mji mmoja hapa Texas alinivuta pembeni. Binti yake ana miaka 11. Kocha amemwambia mtoto ana kipaji cha eliti, kwa hiyo amtoe shule, asomee nyumbani, na saa za mazoezi zipande hadi 30 kwa wiki. "Dada, wewe umepita huko. Nifanyeje?" Biriani ilikuwa inapakuliwa na muziki umepamba moto, nikamjibu kwa mkato. Nimerudi nyumbani roho haijatulia. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Marekani, msichana wa jimnastiki hupanda ngazi kuanzia ya 1 hadi ya 10. Juu ya 10 ndiko kuna eliti, daraja la wanaowania timu ya taifa, mashindano ya dunia na Olimpiki. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni kwamba wachezaji wengi wa timu za vyuo vikuu wametoka ngazi ya 10, hawakuwahi kufika eliti. Mimi nilidhani ngazi ya 10 ni kituo cha kupita tu, na asiyeendelea mbele amefeli. Kwa kutojua hilo nilimsukuma mwanangu aingie eliti akiwa na miaka 13.

Mwaka ule ninaukumbuka kwa viganja vyake. Vyuma vya kuning'inia vinachubua. Ngozi inaota sugu, sugu inavutwa, inachanika hadi nyama inaonekana. Usiku nilikaa naye kitandani, nikakata ngozi iliyonyanyuka kwa mkasi wa kucha, nikampaka mafuta, nikamvalisha soksi mikononi ili mafuta yasiishie kwenye shuka. Asubuhi tunaondoka kabla ya alfajiri kukucha vizuri. Nilijivunia uvumilivu wake. Leo najua nilikuwa namfundisha kunyamaza.

Kwa sababu kiuno kilipoanza kumuuma, hakusema. Nilikuja kugundua siku aliponyoosha mkono kuchukua vikombe kabati la juu, mgongo ukapinda nyuma kidogo, akashika meza. Akiinama mbele hana shida. Akipinda nyuma, uso unabadilika. Mzazi mwenzangu, ukiona hivyo kwa mchezaji wa jimnastiki usimpake dawa ya misuli ukangoja. Mpeleke kwa daktari wa michezo. Wa kwangu alikuwa na ufa kwenye pingili ya kiuno, jeraha la kawaida kwa watoto wanaopinda migongo na kutua kwa kishindo maelfu ya mara. Alikaa miezi bila kuruka. Kocha tuliyekuwa naye alisema kila msichana humo ndani anaumwa mahali. Ndiye huyo huyo aliyewapima uzito kila Jumatatu mbele ya wenzao.

Daktari aliuliza swali ambalo mimi mama yake sikuwa nimeuliza: hedhi. Alikuwa anakaribia miaka 15 na hakuna dalili yoyote. Nilikuwa nimejiambia michezo huchelewesha, basi. Akanieleza kwamba mtoto anayetumia nguvu nyingi kuliko anachokula, mwili huanza kuzima mambo mengine, na mifupa nayo hukosa kuimarika. Ule ufa na zile sahani alizokuwa anarudisha na nusu ya chakula vilikuwa habari moja. Sisi watu wa pwani mambo haya tulimwachia somo. Mimi nilikuwa na somo yangu Tanga, mwanamke mzima aliyenikalisha chini akaniambia kila kitu. Mwanangu hakuwa na mtu huyo hapa, na mimi niliona haya. Usione haya. Muulize binti yako, na ukisikia kocha anataja uzito wa mtoto, mtoe siku hiyo hiyo.

Jambo la pili, mlango wa ukumbi wa mazoezi, usikubali ufungwe mbele yako. Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya Marekani, na mamia ya wasichana na wanawake walijitokeza kusema aliwadhulumu kingono kwa kisingizio cha tiba, wengine mzazi akiwa chumba kile kile. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Sheria zimekazwa tangu hapo, lakini sheria haikai ukumbini, wewe ndiye unakaa. Klabu inayokataza wazazi kutazama mazoezi sipeleki mtoto. Mtu mzima anayemtumia mtoto ujumbe bila mzazi kujua, simwamini hata awe na medali ngapi. Tuliolelewa kumheshimu mwalimu kupita kiasi tunapata tabu hapa, najua.

Aliporudi kwenye mazoezi tulirudi ngazi ya 10, kwenye klabu nyingine. Alilia wiki nzima, nami nililia jikoni asinione. Miezi sita baadaye nilimsikia akiimba ndani ya gari tukitoka mazoezini. Sikuwa nimemsikia akiimba karibu miaka miwili.

Chuoni mchezo wenyewe una sura nyingine. Eliti, tangu 2006, alama hazina kikomo cha 10: kuna alama ya ugumu na alama ya utekelezaji, kwa hiyo kila mwaka unasukumwa kuongeza mzunguko, kuongeza hatari. Vyuoni 10 bado ndiyo kilele. Ukishafikisha ugumu unaotakiwa, kinachobaki ni usafi: vidole vya miguu vimenyooka, umetua na hukutikisika. Hatua moja ndogo ya kutua inakula sehemu ya kumi ya alama moja au nusu yake, na mashindano huamuliwa hapo. Mwili uliochoshwa na eliti hupata nafasi ya kupumua. Mtazame Katelyn Ohashi. Alimshinda Simone Biles, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa Olimpiki, kwenye mashindano ya American Cup mwaka 2013, akaumia, akaacha eliti, kisha Januari 2019 akiwa chuo kikuu cha UCLA akapata 10 kwenye mchezo wa sakafuni kwa mchezo ambao dunia nzima iliuona akicheka.

Wala njia hizi mbili, ya eliti na ya chuo, hazifukuzani kama zamani. Biles alilazimika kuacha nafasi yake UCLA mwaka 2015, kwa kuwa aliyepokea pesa za matangazo hakuruhusiwa kuchezea chuo. Julai 2021 kanuni hiyo ilibadilika. Suni Lee alitoka Olimpiki ya Tokyo na dhahabu akaenda chuo kikuu cha Auburn. Jordan Chiles amekuwa UCLA, akaenda Olimpiki ya Paris 2024, akarudi chuoni. Kwa hiyo mtu akikwambia mtoto wa miaka 11 asipoingia eliti sasa amepoteza kila kitu, anakutisha bure.

Sasa ya mfukoni na ya makaratasi. Makocha wa vyuo wanaruhusiwa kuanza kuzungumza na mtoto Juni 15, baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari ya hapa, yaani darasa la 10. Kabla ya tarehe hiyo piga video fupi za kila kifaa, bila muziki, bila mbwembwe, atue mbele ya kamera. Alama za darasani zina uzito kuliko nilivyofikiri. Chuo kimoja kilichompenda kiliuliza hesabu kabla ya kuuliza boriti, ule ubao mwembamba wanaochezea juu yake. Na ukipewa ofa, soma kila mstari: je, ni ufadhili kamili, ni nusu, au anaingia timu kwa gharama yako? Uliza kwa maandishi nini kinatokea akiumia. Uliza pia ni wangapi watakaopanda kushindana. Kila kifaa wanashindana sita na alama za watano ndizo zinazohesabiwa, wakati timu inaweza kuwa na wasichana 20. Wengi hukaa.

Wangu alikaa. Mwaka wa kwanza wote hakupanda hata mara moja kwenye sita. Alipewa mara tatu kupanda boriti baada ya wenzake kumaliza, alama isiyoingia popote. Nilisafiri saa nne kwa gari kwenda kuona mojawapo. Usiku uliotangulia nilimsuka mistari minne iliyorudi nyuma, nikaibana vizuri isimpige usoni anapopinduka. Ule ubao una upana wa sentimita 10. Alipotua, wasichana wote waliruka kumkumbatia kana kwamba ametwaa taji, na chaki yao ikabaki mgongoni mwake.

Dada yangu wa Mombasa, msimu wa vyuo huanza Januari na tiketi si ghali kama za mpira wa kikapu. Usimjibu kocha bado. Mchukue binti yako, kaeni viti vya karibu na boriti, umwache atazame mwenyewe. Nipigie simu twende pamoja, gari langu lina nafasi.