Mvua Zinapoanza, Mkimbiaji wa Ridhaa Asitundike Viatu

Swali la wiki liliuliza hivi: mvua kubwa zinapoanza, je, mkimbiaji wa ridhaa wa masafa marefu aendelee na mazoezi na mashindano, au apumzike mpaka kiangazi kirudi, kama wanavyofanya wenzetu wa nchi za baridi theluji inapoanguka? Jibu langu ni kwamba aendelee, na naomba nianze kwa kusema kuwa hao wenzetu wa nchi za baridi hawapumziki. Mbio za marathoni za Boston hufanyika Aprili kila mwaka, na za London vivyo hivyo, kwa hiyo kila mkimbiaji wa huko anayesimama kwenye mstari wa kuanzia katika miji hiyo amelazimika kukimbia Desemba, Januari na Februari, jua likiwa limezama kabla hajatoka kazini na barabara ikiteleza kwa barafu. Kwao majira ya baridi ndiyo majira ya kazi nyingi kuliko yote. Wanakimbia polepole na kwa muda mrefu, wanashindana kwenye matope ya mbio za nyika, kisha machipuko yakifika wanakuwa na kitu mwilini cha kukinoa.

Sisi Uganda tuko juu ya ikweta, baridi hiyo hatuijui, lakini tuna mvua, na mpangilio wake unafanana na wa wenzetu kuliko wengi wanavyodhani. Kampala hupata mvua zake kubwa Machi hadi Mei, kisha tena Septemba hadi Novemba. Marathoni kubwa ya Kampala hufanyika Novemba. Maana yake ni kwamba yale majuma mazito ya maandalizi, yenye mbio ndefu za kilomita 25 au 30, yanaangukia katikati ya mvua za pili, na mtu aliyetundika viatu Septemba akisubiri anga lifunguke atajikuta Novemba ana namba kifuani na hana miguu ya kuibeba. Huku kwetu Mbale, chini ya Mlima Elgon, hali ni kali zaidi, kwa sababu mvua huanza Machi na kuendelea karibu mpaka Novemba, ikipungua na kurudi, na kiangazi cha kweli ni Desemba hadi Februari. Anayetaka kukimbia pakavu tu atapata miezi mitatu kwa mwaka, tena ile yenye joto kuliko yote.

Kupumzika kwa muda mrefu kuna gharama ambayo wakimbiaji wapya hawaioni. Mtu akiacha kukimbia, majimaji ya damu huanza kupungua ndani ya siku chache, hivyo moyo unasukuma damu pungufu kwa kila pigo. Baada ya majuma mawili au matatu uwezo wa mwili kutumia oksijeni unakuwa umeshuka kiasi cha kupimika. Hayo hurudi ukianza tena. Shida ni kwamba pumzi hurudi haraka kuliko mifupa na kano zinavyozoea tena kishindo cha barabara, na hapo ndipo watu wanapoumia miundi na visigino, wakijaribu kufidia miezi miwili kwa majuma mawili.

Mtu aliyeonyesha vizuri zaidi thamani ya majira ya polepole ni kocha Arthur Lydiard wa New Zealand. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu aliyekimbia kwa mapenzi yake, na alijifanyia majaribio mwenyewe mitaani, akiongeza na kupunguza umbali, mpaka akaridhika kwamba msingi wa mkimbiaji ni kiasi cha kilomita 160 kwa juma za mwendo wa kadiri kabla ya kugusa kazi yoyote ya kasi. Vijana wa mtaani kwake walimfuata. Hata Peter Snell, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800, alipelekwa kwenye mzunguko wa vilima wa kilomita 35 pamoja na watu wa marathoni. Kwenye Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960, Snell alishinda mita 800 na Murray Halberg, kijana mwingine wa Lydiard, akashinda mita 5,000 siku hiyo hiyo. Simwambii mwalimu, muuguzi au mwenye duka akimbie kilomita 160 kwa juma, kwa maana mwili unaosimama kazini kutwa hauna nafasi ya kupona kutoka mzigo huo. Ninachochukua kwake ni utaratibu: kwanza msingi mpana, kisha vilima, kisha kasi, na mashindano mwishoni. Mvua ndiyo inayotupa majira ya kuweka huo msingi, kwa sababu yenyewe inatulazimisha kwenda polepole.

Yeyote aliyekimbia kwenye njia za udongo chini ya ukingo wa mlima wa Wanale, hapa Mbale, asubuhi baada ya mvua anajua ninachosema. Ule udongo mwekundu hushika soli tangu hatua za mwanzo, ukajaa kwenye meno yote ya kiatu, na ndani ya dakika chache unakuwa umebeba bonge zito pande zote mbili. Unasimama, unaligandua kwa kijiti au kwa ukingo wa jiwe, unaendelea, na kabla ya kufika migomba inayofuata limejaa tena. Kisigino kinazama na nyonga inafanya kazi isiyoijua kwenye lami. Kilomita iliyokuwa ikikuchukua dakika sita inachukua saba na nusu, na pumzi ni ile ile. Dereva mmoja wa bodaboda tunayekimbia naye, kijana mwenye nguvu na asiye na subira, alikuwa akiitazama saa yake kila mara na kunung'unika: "Mwalimu, leo hii tunatembea." Nilimwambia aifunike kwa mkono wa sweta na akimbie kwa dakika alizopanga, mwendo ule ambao angeweza kunisimulia habari za abiria wake kwa sentensi nzima bila kukatika. Ndiyo kanuni yangu yote ya msimu wa mvua: hesabu dakika, acha kilomita, na pima juhudi kwa maneno yanayotoka kinywani. Saa moja na nusu kwenye matope kwa mwendo wa mazungumzo inafanya misuli ijenge mishipa midogo ya damu na kuongeza mitokondria, yaani vijisehemu vya chembe vinavyotengeneza nishati, na mwili haujali kwamba umbali ulikuwa mfupi.

Siku moja katika juma naiweka kando kwa ajili ya kilima. Kilima chenye nyasi wakati wa mvua ni salama kuliko tambarare yenye matope, kwa sababu ukipanda hatua ni fupi, mguu unatua chini ya mwili na kishindo ni kidogo. Kushuka ndiko kunakovunja vifundo, kwa hiyo tunashuka tukitembea. Mbio ndefu ya mwisho wa juma tunaipeleka kwenye lami, pembeni kabisa, mara nyingi barabara ya Sironko, kwa kuwa saa mbili na nusu kwenye udongo mzito zinachosha kano za kisigino kupita faida yake.

Saa ya kutoka ni jambo la kujifunza kwa mahali ulipo. Kandokando ya Ziwa Viktoria, dhoruba nyingi hutoka ziwani na kufika alfajiri au asubuhi, na wakimbiaji wa Kampala na Entebbe wanalijua hilo. Huku mlimani, jua hupasha miteremko kutwa na mvua ikashuka alasiri, kwa hiyo asubuhi mara nyingi ni nyeupe. Tuna neema moja ambayo mkimbiaji wa Ulaya hana: kwenye ikweta jua halichelewi kuchomoza kwa sababu ya majira, na mtu anayeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi anaona njia mwaka mzima. Wanawake tunaokimbia nao wanalithamini hili kuliko sisi wanaume, na wana haki. Kikundi kinachotoka gizani bila kuwauliza kimeshawafungia mlango.

Mvua yenyewe haimdhuru mkimbiaji. Misuli inayofanya kazi hutoa joto jingi, na manyunyu yanayopoza ngozi humsaidia kuliko jua la Januari. Ninachokikataa kabisa ni radi. Ukanda huu wa Ziwa Viktoria na Elgon ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na mtu anayekimbia uwanjani au juu ya ukingo wa kilima ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo. Ngurumo ikisikika tunaingia ndani ya jengo, si chini ya mti, na tunasubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kitu cha pili ni mito. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa mjini ikaua watu na kubeba nyumba, na miteremko ya Bududa, huko Mlima Elgon, imekwisha kuporomoka zaidi ya mara moja. Kwa hiyo hatuvuki daraja linalopitiwa na maji juu, hata kama ni maji ya kifundo cha mguu, na baada ya mvua ya usiku kucha hatupandi njia za mteremko mkali. Zoezi lililoachwa siku hiyo halina deni.

Wazee wengi huku huamini kwamba kunyeshewa kunaleta homa, na nimesikia mama mmoja akimkataza binti yake kukimbia kwa sababu hiyo. Malaria huletwa na mbu, na mbu huzaliana kwenye madimbwi yanayoachwa na mvua. Mama hakukosea kuuogopa msimu, ila kinga yake ni chandarua, na kuondoa maji yaliyotuama nyuma ya nyumba. Mkimbiaji ana sababu ya ziada ya kulala ndani ya chandarua: malaria huharibu chembe nyekundu za damu, zile zile zinazobeba oksijeni, na aliyeugua akirudi barabarani mapema atashangaa kwa nini kilima kidogo kimekuwa mlima. Ukiwa na homa, pima, meza dawa zote, na usikimbie mpaka nguvu zirudi. Zaidi ya hapo, badilisha nguo zilizolowa mara unapofika, kunywa uji wa ulezi wa moto, toa soli za ndani za viatu, uvijaze magazeti na kuyabadilisha yakilowa. Usivianike karibu na moto wala mkaa, kwani gundi huachia, na jozi nzuri ya mtumba kutoka soko la Owino, Kampala, si rahisi kuipata tena.

Sasa mashindano, ambayo naona swali liliyagusa kwa woga. Msimu wa mvua ni msimu wa mbio za nyika, na nchi hii imejengwa na mbio za nyika. Tarehe 26 Machi 2017 mashindano ya dunia ya nyika yalifanyika Kololo, Kampala. Jacob Kiplimo, akiwa na miaka 16, alishinda mbio za vijana. Kwenye mbio za wanaume Joshua Cheptegei aliongoza mbele ya umati wa nyumbani mpaka mzunguko wa mwisho, kisha miguu ikamkatalia kabisa akamaliza wa 30, huku Geoffrey Kamworor wa Kenya akipita na ushindi. Waliokuwepo Kololo wanakumbuka kimya kilichoshuka. Miaka miwili baadaye, Aarhus, Denmark, mwishoni mwa Machi, kwenye njia iliyopanda mpaka juu ya paa la nyasi la jumba la makumbusho, Cheptegei alishinda, Kiplimo akawa wa pili, na Uganda ikachukua dhahabu ya timu. Rekodi za dunia zilifuata: Cheptegei mita 5,000 kwa 12:35.36 na mita 10,000 kwa 26:11.00, zote mwaka 2020, na Kiplimo nusu marathoni kwa 57:31 mwaka 2021. Sisemi matope pekee ndiyo yaliyoleta rekodi hizo. Nasema kwamba wakimbiaji wetu bora hawakuona aibu kushindana mahali ambapo saa haina maana na nafasi yako ndiyo kila kitu.

Mkimbiaji wa ridhaa anahitaji jambo hilo hilo na halipati. Kalenda yetu imejaa mbio za barabarani zenye fulana na picha, na mbio za nyika zimeachiwa shule, polisi, magereza na jeshi. Mtu wa miaka 40 anayefanya kazi benki hana mahali pa kukimbia kilomita nane za nyasi na matope mwezi Oktoba, ambazo zingemfaa Novemba kuliko zoezi lolote la peke yake. Naziomba klabu za mikoani, na hasa za huku Mbale, Kapchorwa na Tororo, zifungue mbio zao za nyika kwa watu wazima wasio wa timu, hata kama ni kwa kuwaanzisha dakika kumi baada ya vijana. Kinachohitajika ni uwanja wa shule, vibendera vya njia, mtu wa huduma ya kwanza na mtu wa kuandika nafasi. Kikundi chetu kiko tayari kupanga vibendera na kufagia uwanja baadaye. Tutakuja na wanawake wetu, na kijana wa bodaboda, ambaye ameanza kuiacha saa yake nyumbani.