Mwili Mweusi Mbele ya Watazamaji: Majibu ya Maswali Yenu

Swali: Nimesoma kwamba William Pope.L alitambaa katika barabara za New York, naye akaitwa msanii. Kutambaa nako ni sanaa?

Jibu: Pope.L, aliyefariki mwaka 2023, alianza kutambaa pale Times Square mwaka 1978, akiwa amevaa suti. Jamaa zake waliwahi kulala mitaani, na alitaka wapita njia wamwone mtu wa chini waliyezoea kumruka. Mwaka 1991 alitambaa kandokando ya bustani ya Tompkins Square akiwa na chungu cha maua mkononi, huku mpigapicha Mzungu akimfuata. Mkazi mmoja mweusi alimwendea kwa huruma, kisha akapandwa na hasira, akilalamika kwamba yeye huvaa suti kama ile aendapo kazini. Kwangu mimi, hasira hiyo ina uzito kuliko kutambaa kwenyewe, kwa kuwa heshima ambayo mtu yule alilazimika kuilinda kila siku kwa mavazi na mwendo aliiona ikiburutwa vumbini, tena mbele ya kamera ya Mzungu.

Swali: Je, ni lazima msanii ajidhalilishe ndipo ubaguzi uonekane?

Jibu: Hata kidogo. Adrian Piper, Mmarekani mweusi ambaye kwa weupe wa ngozi yake wengi humdhania Mzungu, alianza mwaka 1986 kumkabidhi kadi ndogo kila aliyetoa, au kuchekea, maneno ya kibaguzi mbele yake. Kadi ilieleza kwa adabu kwamba mwenye kuitoa ni mweusi, na kwamba anasikitikia usumbufu anaouleta, kama ambavyo bila shaka mpokeaji naye anasikitikia usumbufu ambao ubaguzi wake unamletea mwenye kadi. Adabu hiyo inachoma kuliko tusi.

Swali: Watazamaji wasipoielewa kazi, si imeshindwa?

Jibu: Inategemea wamekosea nini. Mwaka 1992 wasanii Coco Fusco na Guillermo Gómez-Peña walijifungia ndani ya kizimba kama cha wanyama katika uwanja wa Colón, Madrid, wakijifanya wenyeji wa kisiwa kisichojulikana. Ilikuwa kejeli juu ya maonyesho ya binadamu, kama yale ya mwaka 1906 ambapo Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Watazamaji wengi waliamini kwamba wawili hao ni washenzi halisi, na wapo waliolipa ili wapigwe picha nao. Kosa hilo halikuiangusha kazi; lilionyesha kile kile ilichokikejeli.