Paka wa jirani amehamia mlangoni kwangu: maswali yenu na majibu

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: paka wa mtu mwingine asiyepata matunzo, na msomaji asiyejua kama aingilie mambo ya jirani au anyamaze. Nimechagua chache na kuzifupisha. Majina nimeyaacha kwa sababu majirani nao husoma.

Nimepanga Tandika, vyumba sita uani mmoja. Jirani ana paka dume, mbavu zote zinahesabika. Akisafiri humwacha nje siku tatu, nne, bila chakula. Sasa analala mlangoni kwangu. Naweza kumchukua tu?

Kumlisha, ndiyo, hata leo. Kumchukua, bado kidogo.

Nyumba ya kupanga mnachangia bomba, choo, kamba ya kuanikia na Luku. Ugomvi ulioanza na paka utafika kwenye zamu ya kufagia uwanja, na paka mwenyewe ndiye atakayepigwa teke watu wazima wakinuniana. Kwa hiyo zungumza na jirani mapema, kabla hajasikia kwa wengine kwamba unamlishia paka wake. Mwendee akiwa peke yake, ameshakula, hana haraka. Usimwambie "humlishi mnyama wako." Mwambie: "Jirani, naona paka wako anashinda kwangu. Utaridhia nimlishe, na nikipata nafasi nimpeleke kwa daktari?"

Majibu huwa matatu. La kwanza, "mchukue tu, utakuwa umenisaidia." La pili, "hata si wangu, alikuja mwenyewe." Ukipata mojawapo ya hayo, mwombe alirudie mbele ya mwenye nyumba au mjumbe, au akuandikie ujumbe mfupi kwenye simu. Utaona haya kuomba hivyo kwa ajili ya paka. Omba hivyo hivyo. Soma swali la mwisho ujue kwa nini. Jibu la tatu ni "mwache, ni wangu." Hapo usibishane. Omba ruhusa ya kumlisha akisafiri, na wachache hukataa hilo.

Jambo moja ninaloliona mara kwa mara: jirani wa namna hii si katili. Amefuga paka kwa ajili ya panya, na ameambiwa tangu utotoni kwamba paka akishiba hawindi. Si kweli. Paka aliyeshiba huwinda pia, kwa kuwa kuwinda kwake ni silika, na mwenye njaa ya wiki nzima hana hata nguvu za kuruka. Mweleze hilo kwa upole, huenda tatizo likaisha bila paka kubadili mwenye.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Lakini ukianzia huko utashinda kesi na kupoteza jirani. Afisa mifugo wa kata mwite pale paka anapopigwa, anapomwagiwa maji ya moto au kufungiwa ndani bila chakula. Waislamu mnaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Imo kwa Bukhari na Muslim. Ni hadithi nzito, ila usimsomee jirani mlangoni kwake. Atasikia hukumu tu.

Niko Likoni. Nimeanza kumpa maziwa na ugali uliochovywa kwenye mchuzi uliobaki. Anakula kwa pupa halafu anaharisha. Nimpe nini?

Acha maziwa. Paka wengi wakubwa hawana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na hicho ndicho kinachomharisha. Maji safi yanamtosha. Bakuli la maji liweke mbali kidogo na la chakula, paka wengi hupenda hivyo.

Mchuzi nao una kitunguu na pengine kitunguu saumu. Vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na akila kidogo kidogo kila siku ndivyo damu inavyopungua bila wewe kujua. Kwa hiyo mtengee chake kabla hujaunga.

Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya, na katika hili walikuwa sahihi kuliko walivyojua. Mwili wa paka unahitaji taurini, ambayo hupatikana kwenye nyama na samaki wala haimo kwenye nafaka. Akiikosa kwa muda mrefu, macho hupofuka na moyo hulegea. Ugali waweza kuwamo kidogo kwa kujaza tumbo, ila usiwe ndio mlo. Dagaa waliooshwa mchanga na kuchemshwa, vichwa vya samaki, utumbo wa kuku uliosafishwa, firigisi, pafu la ng'ombe: vyote ni bei ya chini sokoni, na muuza kuku akikuzoea atakuwekea. Chemsha bila chumvi. Mifupa ya kuku iliyopikwa itoe, huvunjika vipande vyenye ncha. Maini mpe mara moja moja tu.

Na huyu aliyekonda sana usimlundikie chakula siku ya kwanza, hata akikulilia. Mwili uliozoea njaa ukipokea shibe ya ghafla huweza kuvurugika vibaya. Wiki ya kwanza mpe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, kisha ongeza. Ukiona vitu mfano wa punje za mchele kwenye manyoya ya mkiani, hiyo ni minyoo ya tegu. Atahitaji dawa ya paka, si kipande cha kidonge cha minyoo cha watoto.

Mke wangu ana mimba ya miezi minne. Mama yangu anasema paka huleta utasa na pumu, tumfukuze. Mke anamtaka. Nimsikilize nani? (Tanga)

Wote wawili kidogo.

Habari ya utasa ina asili yake. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplazma, ambacho paka huweza kukitoa kwenye kinyesi. Mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto tumboni anaweza kudhurika au mimba ikatoka. Hapo ndipo mitaani maneno yalipokuzwa, ikawa kila mwenye paka hazai. Kijidudu hiki hakimfanyi mwanamke kuwa tasa.

Paka aliyeambukizwa kwa kawaida hukitoa kwa wiki chache tu, na kinyesi chake huhitaji siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza. Maana yake, choo cha paka kikisafishwa kila siku, hatari inapungua mno. Na atakayekisafisha ni wewe, bwana, mpaka mtoto azaliwe. Mkeo avae glavu akilima bustani, aoshe mboga na matunda vizuri, na ale nyama iliyoiva. Mishikaki yenye damu na kachumbari isiyooshwa ni njia ya maambukizi pia, ila hizo hakuna anayezifukuza nyumbani. Mwelezeni mkunga kliniki kwamba mna paka.

Pumu: wenye mzio hawasumbuliwi na unyoya kuingia mapafuni, kama wengi tunavyoambiwa. Husumbuliwa na protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka, anayojipaka anapojiramba. Kama nyumbani kuna mwenye pumu na kifua hubana paka akikaribia, jambo hilo ni la kweli na mama ana haki. Paka asiingie chumbani kabisa, au atafutiwe nyumba nyingine. Kama hakuna mwenye dalili, mama aelezwe taratibu.

Nilipomshika nimwingize ndani alimng'ata mwanangu kidole. Jeraha dogo, nimepaka spiriti. Inatosha? (Mwanza)

Haitoshi. Ukishasoma jibu hili, inuka.

Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya leo hii, hata kama aling'atwa juzi. Kichaa cha mbwa kina jina la mbwa lakini paka pia hukipata na kukiambukiza, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Chanjo baada ya kung'atwa huokoa, ila hufuata ratiba ya sindano kadhaa. Msiishie ya kwanza kwa sababu kidole kimepona. Pia jino la paka ni jembamba na huingia ndani sana, hivyo jeraha linaloonekana dogo huvimba usaha haraka.

Paka asiuawe. Afungiwe mahali salama, apewe chakula na maji, aangaliwe siku kumi. Akibaki mzima siku hizo zote, daktari atajua la kufanya na sindano zilizobaki. Lakini msisubiri siku kumi ndipo mwende.

Kwa wengine mnaotaka kumshika paka asiyewazoea: taulo nene, au kreti ya kubebea iliyowekwa chakula ndani. Mikono mitupu hapana, na watoto wakae mbali. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na halmashauri nyingi huchanja bure siku za karibu na hapo. Watu hupeleka mbwa tu. Pelekeni na paka.

Jirani amehama, kaacha paka. Nikimwingiza kwangu, mlango ukifunguka anarudi kukaa kwenye baraza ya nyumba tupu. (Morogoro)

Kwanza mpigie jirani. Watu huhama kwa gari la kukodi, paka hukimbia makelele ya kupakia mizigo, dereva hasubiri. Huenda anamtafuta. Mpe wiki.

Asipomtaka, mfungie ndani wiki mbili tatu. Paka hushika mahali kabla ya kushika mtu. Mlishe saa zile zile, gonga bakuli kwa sauti ile ile, na kama jirani aliacha tambara au mkeka wa zamani, mtandikie huo. Siku ya kumtoa iwe kabla ya chakula, siyo baada. Na kwa kuwa uko Morogoro, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine iko mjini kwenu; mpeleke akaangaliwe.

Ni jike, na tumbo naona linashuka. Nimfungishe uzazi? Wengine wananiambia ni dhambi. (Lamu)

Kwanza hakikisha hajafungwa tayari. Tazama masikio: ncha ya sikio moja ikiwa imekatwa mstari mnyoofu, hiyo ni alama inayotumiwa sehemu nyingi kwa paka waliokwishafanyiwa upasuaji. Basi tumbo hilo litakuwa minyoo au shibe yako.

Kama ana mimba, huchukua takriban wiki tisa. Mwache azae, anyonyeshe, watoto wakae naye angalau wiki nane, halafu ndipo afungwe. Lakini mzuie asitoke, kwa sababu paka hushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Kwetu karibu na ikweta mambo ni mazito zaidi: joto la paka, yaani hamu yake ya kupandwa, hufuata urefu wa mchana, na mchana wetu ni ule ule mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu wa kupumzika. Watoto wa kike nao huweza kushika mimba wakiwa na miezi mitano tu. Hesabu mwenyewe, kisha tazama vichochoro vya mji wenu.

La dhambi, mimi ni mtu wa mifugo. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wametofautiana, na wapo walioruhusu pale penye maslahi ya mnyama na watu. Muulize sheikh unayemwamini, na umweleze habari ya vitoto vinavyotupwa jalalani. Sharti langu ni moja: kama mwenyewe wa asili hajakupa paka huyo waziwazi, usimpasue. Kumlisha paka wa mtu kunasameheka, kumfunga uzazi hakurudi nyuma.

Viroboto vimemjaa. Ninayo dawa ya kuogeshea ng'ombe, nichanganye kidogo?

Hapana. Wala unga wa viroboto vya mbwa. Nyingi za dawa hizo zina pamethrini au dawa za jamii yake, ambazo kwa paka ni sumu, na paka hujiramba mwili mzima. Nunua iliyoandikwa paka. Na kwa kuwa mko hapo: Panadol msimpe kamwe. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Nimemtunza miezi, kanenepa, manyoya yanang'aa. Jirani aliyemtelekeza sasa anamdai. Anasema "paka wangu amependeza, nirudishie." (Kisauni)

Nilijua barua hii itakuja.

Kama alikupa mbele ya mtu, au ujumbe wake bado uko kwenye simu, mwonyeshe kwa adabu na mkae hivyo. Kama mliachiana kimyakimya, hoja yako ni dhaifu, hata kama roho inakuuma. Ushauri wangu: usimpigie hesabu ya dagaa na daktari, kwa kuwa hukumtunza kwa mkopo, na deni hilo halitalipwa. Mkaribishe akae, mpe kadi ya chanjo, mwonyeshe tarehe ya sindano ijayo, mweleze paka hula nini na mara ngapi, na mwulize ni nani atakayemlisha akisafiri. Wengi wakifika swali hilo husema "basi akae kwako kwanza." Akisema hivyo, mwite mtu wa tatu asikie.

Akimchukua kweli, mwachie. Ila usiondoe bakuli lako la maji kibarazani wiki hiyo, na mwambie wazi kwamba paka akija mwenyewe hutamfukuza.