Hesabu kwa mkono kwanza, lupu baadaye

Vijana ninaowafundisha Python, lugha ya kuandikia programu, hapa Mbeya hukwama sana kwenye zoezi hili: una orodha ya wakulima wa viazi, kila mmoja na wilaya yake na magunia aliyoleta. Wa Rungwe walioleta zaidi ya magunia 10 ni wangapi?

Wengi hukimbilia lupu, yaani amri inayopitia rekodi moja baada ya nyingine. Mimi huwaambia wachukue rekodi tano tu na kalamu. Tuseme ni hizi: Rungwe 12, Makete 20, rungwe 9, Rungwe 10, na Rungwe 15 ambayo karani ameacha nafasi tupu baada ya jina la wilaya. Jibu ni wawili, wa 12 na wa 15. Wa 10 hahesabiwi kwa kuwa swali limesema "zaidi ya", kwa hiyo alama ni > wala si >=. Sasa unalo jibu la kuipimia programu yako. Bila hilo utaamini namba yoyote itakayotokea kwenye skrini, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Ukilinganisha majina kama yalivyo utapata 1, maana kwa Python "Rungwe" na "Rungwe " ni vitu viwili. Herufi kubwa na ndogo nazo huzitofautisha. Safisha kwanza: strip() huondoa nafasi tupu za pembeni, na lower() hugeuza herufi zote kuwa ndogo:

```
waliopita = []
for r in wakulima:
    wilaya = r["wilaya"].strip().lower()
    magunia = int(r["magunia"])
    if wilaya == "rungwe" and magunia > 10:
        waliopita.append(r)
print(len(waliopita))
```

Hiyo int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, usiiache. Rekodi zikisomwa kutoka faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi), magunia huja kama maandishi, na kwenye maandishi "9" ni kubwa kuliko "10", kwa sababu ulinganishaji huanzia alama ya kwanza kushoto.

Kutumia kaunta ya kuongeza moja moja ni sawa kabisa, mradi hesabu = 0 ikae nje ya lupu. Lakini mimi napenda kuwakusanya waliopita, kisha kuwahesabu kwa len(). Jibu likikataa kulingana na la kalamu, unachapisha orodha na kuona nani kaingia, nani kaachwa.

Ila usichuje kwa kufuta rekodi kwenye orodha ileile unayoipitia. Ukifuta moja, inayofuata husogea mahali pake na lupu huiruka bila kukupa onyo lolote. Tengeneza orodha mpya.